Pawa Saplai ya Kadi Mbili: Mafunzo Niliyopata Goma

Unataka mashine yenye kadi mbili za grafiki. Najua, kwa sababu vijana hunijia na picha hiyo kwenye simu: boksi la kioo, taa za rangi, feni zimejaa kila upande. Wengine wanataka kucheza gemu, wengine kutengeneza katuni na video za muziki kwa Blender, na walio wengi wanataka vyote viwili. Sina neno la kuwakatisha tamaa. Nina maneno kuhusu kile kisanduku cha chuma kinachokaa chini kabisa na ambacho hakuna anayekipiga picha, yaani pawa saplai, au alimantasyo kama mafundi wengi wa mjini kwetu wanavyoiita.

Nimeshika bisibisi Goma tangu kabla ya lava ya 2002. Pawa saplai zilizoungua mikononi mwangu zingetosha kujenga ukuta mfupi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa nzima kabisa siku ya kwanza. Ndiyo maana nikiulizwa kama hii ni nzuri au mbaya, namuuliza mwenzangu: saa ngapi? Saa umeme unapopepesa, saa kadi zote mbili zinapokurupuka pamoja, saa chumba kinapopata joto? Mchana mtulivu zote ni nzuri.

1. Zidisha ampia, boksi liache lipige kelele

Kijana mmoja alikuwa na kadi mbili zinazokula wati 250 kila moja. Nikaenda Birere, kwenye maduka ya mjini, nikapata pawa saplai iliyoandikwa 1,200 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kiwanda. Nikapiga hesabu kichwani: kadi 500, prosesa na vingine 200, jumla 700. Zinabaki wati 500! Nilijiona profesa. Nikaifunga, Windows ikafunguka, muziki ukalia, tukapeana mikono, nikalipwa.

Jioni simu ikalia. “Papa, mashini iko inajizima.”

Ilijizima kila gemu lilipofunguka, na haikujizima wakati mwingine wowote. Nililaumu gemu. Nikalaumu Windows, nikaifuta na kuiweka upya. Nikalaumu virusi, na nusura nimlaumu kijana mwenyewe. Mwishowe nililaza boksi ubavu na kusoma stika, kitu ambacho ningekifanya dukani kwa nusu dakika. Mstari wa volti 12 ulisema ampia 38. Zidisha: wati 456. Kadi peke yake zilihitaji 500.

Zile wati nyingine zilitoka wapi? Baadhi zilitoka kwenye mistari ya volti 3.3 na volti 5, ambayo kompyuta ya leo inaigusa kidogo tu. Nyingine zilitoka kwenye neno dogo la Kiingereza, peak, lenye maana kwamba kifaa kinaweza kufika hapo kwa kitambo kifupi kabla hakijajuta. Kadi za grafiki na prosesa zote zinakula kwenye volti 12. Pawa saplai ya wati 1,200 ya kweli huandika ampia 100 au karibu sana na hapo kwenye mstari huo. Ukikuta 40, umekuta pawa saplai ya wati 480 iliyovaa koti la mjomba wake.

Na usikubali kuuziwa kwa uzito. Ni kweli nzuri huwa nzito, lakini nimewahi kufungua moja nikakuta kipande cha chuma kimegundishwa ndani, hakikuunganishwa na kitu chochote.

2. Kadi hainywi umeme kwa utulivu

Hili lilinishangaza kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimeshajirekebisha. Mteja aliniletea kadi mbili za wati 350 kila moja, nami nikachagua pawa saplai ya wati 1,000, ya jina, yenye ampia zake kamili. Nikaweka kipimo cha wati ukutani. Hakikuzidi 900. Na bado mashine ikazimika, kaa!, katikati ya mchezo.

Kipimo cha ukutani kinaonyesha wastani. Kadi ya kisasa ya wati 350 inaweza kuruka juu zaidi ya hapo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha ikashuka, mara nyingi ndani ya sekunde hiyo hiyo. Zikiwa mbili zinazofanya kazi ile ile, huwa zinaruka pamoja. Umemwona mtu wa chukudu, ile skuta ya mbao, akishuka kutoka Kibumba na magunia yake ya viazi. Barabara ikiwa sawa, mbao haina shida na mzigo; gurudumu linapoingia shimoni ndipo mzigo huo huo unapoivunja. Mimi nilikuwa nimepima magunia tu, sikuhesabu mashimo.

Kilichonichukua muda kukikubali ni kwamba pawa saplai ile ilijizima kwa sababu ilikuwa nzuri. Ulinzi wake uliona umeme umezidi ukakata. Ile ya Birere yenye koti la mjomba ingeweza kuendelea mpaka moshi.

Watengenezaji nao waliliona. Kanuni za ATX 3.0 zilizotoka mwaka 2022 zinataka pawa saplai ivumilie mruko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, bila kuzimika. Kwa hiyo tafuta maandishi ATX 3.0 au 3.1 kwenye boksi kabla ya kutafuta taa za rangi. Kwa zile za zamani, mimi hujumlisha kila kitu kinachokula kisha nazidisha kwa moja na nusu. Kwa mpya nazidisha kwa 1.3. Ni kanuni ya mkono wangu, hakuna kitabu kilichoniagiza, lakini tangu niifuate simu za jioni zimepungua.

3. Waya ukiingia haina maana unafaa

Pawa saplai kubwa nyingi huja na waya za kuchomoa. Siku moja waya mmoja ulikuwa mfupi, nami nilikuwa na gunia zima la waya za mashine zilizokufa. Nikachukua mmoja, ukaingia vizuri, ukalia klik kama umezaliwa humo. Nikawasha. SSD ya mteja, yenye picha zote za harusi ya dada yake, ikatoa harufu.

Upande wa kadi na wa diski, plagi zina utaratibu mmoja dunia nzima. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna. Kila kiwanda hupanga pini kinavyotaka, na wakati mwingine kiwanda kimoja hubadilisha kati ya modeli na modeli. Mahali ambapo waya wangu ulitarajia volti 5, pawa saplai ile ilitoa volti 12. Gunia la waya nililiuza kwa kilo. Picha za harusi, ashukuriwe Mungu, zilikuwepo pia kwenye simu ya shangazi.

Jingine la waya: plagi ya pini nane ya kadi imepangiwa wati 150, na nafasi yenyewe kwenye ubao mama inatoa 75. Kadi ya wati 350 yenye plagi mbili ipewe waya mbili tofauti kutoka pawa saplai, usitumie ule mmoja wenye vichwa viwili. Kwa mashine ya kadi mbili maana yake ni waya nne, na hapo ndipo pawa saplai nyingi za bei nafuu zinapoishiwa. Hesabu matundu kabla hujalipa. Kama kadi yako ni ya ile plagi ndogo ya wati 600, isukume mpaka mwisho kabisa. Mwaka 2022 watu wenye kadi za RTX 4090 duniani kote waliona plagi hizo zikiyeyuka, na sababu moja iliyopatikana ni plagi isiyoingia hadi mwisho.

4. Nunua wati kubwa kwa ajili ya muda

Umeme wa Goma si ule wa ujana wangu, wakati tegemeo letu lilikuwa mabwawa ya Ruzizi, la kwanza la 1958 na la pili la 1989. Desemba 2015 ulifunguliwa mtambo wa maji wa Matebe huko Rutshuru, wenye megawati 13 na ushee. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wake wa jua wa megawati 1.3 hapa hapa mjini. Kuna mitaa ambayo watoto hawajui delestaji, yaani mgao wa umeme, inavyoandikwa. Lakini waya ni waya na vita ni vita: Januari 2025, mapigano yalipoufikia mji, tulikaa gizani siku kadhaa. Kwa hiyo kila mwenye mashine ya maana hapa ana betri na inverta, na mimi pia.

Nilipofunga inverta yangu nilifurahi kama bwana harusi. Umeme ukikatika taa haipepesi, friji haijui, televisheni haijui. Mashine ya kadi mbili ikajua. Kila mara inverta ilipobadilisha kutoka ukuta kwenda betri, mashine ilianza upya. Kumbe taa na friji hazikuwa shahidi wa kuaminika.

Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kila mzunguko milisekunde 20. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa inayoshikilia mzigo wakati ukuta umenyamaza, na ATX inataka ishike milisekunde 17 ikiwa imebeba asilimia 80 ya mzigo wake. Ikibeba mzigo wote, kanuni za karibuni zinairuhusu ishike 12 tu. Sasa angalia inverta nyingi tunazonunua: zina mpangilio wa vifaa vya nyumbani, ulioandikwa APL, unaobadilisha kwa takriban milisekunde 20, na mpangilio wa UPS unaobadilisha kwa takriban 10. Yangu ilikuwa kwenye APL tangu kiwandani. Nikabonyeza vitufe, nikaiweka UPS, tatizo likaisha bila senti.

Hapo ndipo nilipoelewa faida ya pawa saplai kubwa ambayo wauzaji hawaitaji. Kapasita ile ile ikibeba mzigo mdogo hushika kwa muda mrefu zaidi. Mashine inayokula wati 800 kwenye pawa saplai ya 1,600 inatumia nusu tu, na nusu hiyo inaipa kapasita nafasi ya kuvuka pengo ambalo pawa saplai ya 850 ingeanguka ndani yake. Jirani akikuuliza kwa nini umenunua 1,600, mwambie umenunua milisekunde.

Volti ikishuka kuna hesabu nyingine. Pawa saplai nzuri hupokea kati ya volti 100 na 240 bila kulalamika, lakini inachukua fidia yake kwenye ampia. Wati 1,000 kwa volti 230 ni ampia 4.3. Jioni, mtaa wote ukipika na kipimo chako kikisoma 170, ni karibu ampia 5.9, na joto kwenye waya wa upanuzi linakaribia kuwa mara mbili. Gusa waya wako saa mbili usiku. Ukiwa moto, tupa, nunua mnene. Angalau volti 220 inatupa jambo moja la kujivunia: Mmarekani mwenye soketi ya kawaida ya volti 120 na ampia 15 anaishia wati 1,800 kwa chumba, nasi tunapita hapo bila kutoka jasho.

5. Lava haipokei fimbo ya shaba

Kwa miaka mingi nilikuwa nakata pini ya tatu ya plagi. Soketi zetu nyingi zina matundu mawili, pini ya tatu inazuia, basi koleo, kata, endelea. Nilifundisha hata wanafunzi wangu.

Halafu mteja akashika boksi la mashine yake akiwa peku kwenye sementi, akaruka. Nikapima kati ya boksi na bomba la maji: volti zaidi ya 100. Pawa saplai haikuwa na kasoro yoyote. Pawa saplai zote nzuri zina kichujio mlangoni, chenye kapasita ndogo zinazounganisha nyaya mbili za umeme na boksi, na kazi ya pini ya tatu ni kupeleka ardhini kile kidogo kinachovuja. Ukiikata, boksi linaelea karibu nusu ya umeme wa ukutani. Mtu anasisimka tu, kwa kuwa mkondo ni mdogo. Tundu la HDMI ukilichomeka kwenye televisheni iliyowashwa linaweza kufa.

Sasa nenda kaifunge hiyo waya ya ardhi katika mji uliokaa juu ya lava. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na chini yake kuna lava za zamani zaidi. Unapiga fimbo ya shaba kwa nyundo, inajikunja kama msumari. Fundi mmoja wa umeme, mzee kunishinda, alinionyesha njia: usishuke, tandaza. Chimba mfereji mrefu mahali penye udongo, laza waya mtupu wa shaba, fukia kwa udongo mweusi ulioletwa, na uchague mahali panapopata maji ya mvua. Kisha mwenye kipimo cha ardhi aje apime, maana macho hayawezi kuona kama ardhi imekubali.

6. Dhahabu ya stika

Hili ni fupi. Stika ya 80 Plus, iwe Bronze au Gold, inasema ni kiasi gani cha umeme kinapotea kuwa joto. Gold kwa volti 115 inataka asilimia 90 kwa nusu ya mzigo. Haisemi kitu kuhusu mruko, wala kapasita, wala ulinzi. Na vipimo hivyo hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 23. Goma kuna baridi, utasema, na ni kweli, lakini tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, feni ile ile inabeba joto kidogo kuliko Dar es Salaam kwa mzunguko ule ule. Ongeza vumbi letu jeusi. Mimi husafisha feni kila msimu wa kiangazi mara mbili, na kabla ya kununua natafuta majibu ya Cybenetics, wanaopima kwa volti 230 pia na kuchapisha matokeo yenyewe.

7. Kadi ya pili yaweza kuwa inalala

Baada ya kuhangaika kote huko na pawa saplai, nilikaa usiku mmoja na kijana tukitazama mashine yake ikicheza. Gemu lilikimbia vizuri. Nikafungua dirisha linaloonyesha kila kadi inafanya nini. Ya kwanza asilimia 98. Ya pili sifuri.

“Papa,” akasema, “huyu wa pili ni mfanyakazi wa serikali.”

Nvidia ilileta SLI mwaka 2004, ili kadi mbili zichore mchezo mmoja. Januari 2021 iliacha kuongeza mipangilio mipya ya SLI, na RTX 4090 ya 2022 ilitoka bila hata tundu la kuunganisha kadi mbili. Gemu nyingi za leo hazijui kwamba kadi ya pili ipo. Nilikuwa nimemuuzia mtoto wa watu pawa saplai ya kumlisha mtu anayelala.

Wengine walifikia kadi nyingi kwa njia ya pesa. Mwaka 2020 Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin kwa umeme wake wa maji kule Luviro, na nusu ya wateja wangu wakaamua nao ni wachimbaji. Mashine za kazi hiyo si kadi za gemu. Waliokuwa wakichimba ethereum kwa kadi walifungiwa mlango tarehe 15 Septemba 2022, mtandao huo ulipoacha uchimbaji, na kadi zao zikamiminika sokoni kwa bei ya kutupa, pamoja na pawa saplai za “wati 2,000” zinazofanya kazi kwa volti 180 na kuendelea tu. Kwa umeme wa jioni niliokueleza, hizo nisingempa adui.

Kwa hiyo amua kazi kwanza. Kwa gemu, kadi moja yenye nguvu na pawa saplai ya wati 1,000. Pesa iliyobaki iende kwenye betri. Kwa Blender, kadi mbili zinafanya kazi zote mbili kwa bidii, ila kumbukumbu zao hazijumlishwi: mbili za gigabaiti 12 hazikupi 24.

8. Ipime ikiwa na mzigo, na mbele ya muuzaji

Kuna ujanja wa kuunganisha pini mbili kwa kipande cha waya ili pawa saplai iwake bila kompyuta. Feni inazunguka, muuzaji anatabasamu. Umethibitisha kwamba feni ni nzima.

Mimi siku hizi naenda dukani na mashine yenyewe kwenye gari. Nafunga, nawasha programu inayotesa kadi zote mbili na nyingine inayotesa prosesa, zote kwa pamoja, kwa nusu saa. Naweka kipimo kwenye mstari wa volti 12. Kanuni ya ATX ya zamani inaruhusu asilimia tano kila upande, kati ya 11.4 na 12.6, lakini ile ya kunifurahisha haitoki karibu na 12 hata dakika ya mwisho. Nanusa. Nasikiliza kama kuna mluzi. Kisha, mzigo ukiwa juu, nachomoa plagi ya ukutani ya UPS niliyokuja nayo. Ikivuka hapo, ndipo tunazungumza bei.

Wauzaji wengi hukataa, na siwalaumu. Nusu saa ni ndefu na wateja wanasubiri mlangoni. Anayekubali huwa anauza ghali kidogo. Dhamana ya miaka kumi iliyoandikwa kwenye boksi hainisaidii, maana sijui nani atanivushia kisanduku hicho mpakani na kukirudisha. Kwa hiyo akikubali nipime, namlipa dola zake zote, sipunguzi.